SOMO LA KIINGEREZA: "BECOME" NA "BE" SI KITU KIMOJA



Wengi wenu mmetuomba somo la kuwasaidia makatibu wanaoandika barua za Kiingereza. Leo tutashughulika na kitenzi kimoja tu, nacho ni "become". Ni neno la mabadiliko: kitu kilikuwa hivi, sasa kimekuwa vile. Hebu kwanza tuwaeleze kwa nini tumelichagua.

Kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu kilikuwa na akiba benki. Pesa hizo zilikuwa za mbegu na mbolea, zinunuliwe kabla ya mvua ya masika. Mweka hazina wao akahamia mjini kuishi na mwanawe. Akina mama hawakulala. Waliitisha mkutano, wakachagua mwingine, na kumbukumbu zikaandikwa, zile tunazoziita minits. Ikabaki barua ya kuijulisha benki ili sahihi ya mweka hazina mpya ikubaliwe. Katibu alitaka kusema, "Mama huyu amekuwa mweka hazina wetu." Akaandika hivi:

"This lady has been our treasurer."

Karani wa benki aliposoma alielewa kwamba mama huyo ndiye aliyekuwa akishika kazi hiyo siku zote mpaka leo. Akafungua faili, akaona jina la mweka hazina ni lingine kabisa. Sasa amwamini nani, barua au faili? Barua ikarudishwa ili kikundi kieleze upya. Nauli ya kwenda na kurudi ikapotea, mkutano mwingine ukaitishwa, wiki tatu zikaisha. Mvua ikaanza. Majirani walikuwa wakipanda huku akina mama wetu wakiwa bado wanangojea pesa zao wenyewe.

Hapo hapakuwa na mwizi wala mvivu. Karani alifanya kazi yake ya kulinda pesa za watu. Katibu naye alitafsiri neno kwa neno, na kila neno lake ni la Kiingereza safi. Lakini sentensi yake ilisema jambo ambalo hakukusudia. Neno alilolihitaji ni "become".

1. "KUWA" YETU NI MOJA, YAO NI MBILI

Sisi tunaposema "amekuwa mwenyekiti", tunaweza kumaanisha mambo mawili. Linaweza kuwa ni jambo jipya: jana hakuwa, leo ndiye. Tena linaweza kuwa ni jambo la muda mrefu: amekuwa mwenyekiti wetu miaka mitano na bado tuko naye. Msikilizaji wetu hachanganyikiwi, maanake anatujua na anaona tunazungumza habari gani.

Kiingereza kimegawa kazi hiyo. "Be", pamoja na ndugu zake "am, is, are, was, were, been", huonyesha hali ilivyo. "Become" huonyesha kuingia katika hali mpya.

Fikirieni mto. Mtu anayeishi ng'ambo ile, kwake ni "be". Mtu anayevuka kwenda ng'ambo ile, kwake ni "become". Akishavuka na kujenga huko, tunarudi kwa "be" tena.

"She is our treasurer." Yeye ni mweka hazina wetu. Hatuambiwi alianza lini.

"She has become our treasurer." Sasa ndiye mweka hazina wetu. Zamani hakuwa.

"She has been our treasurer since 2021." Ameshika kazi hiyo tangu 2021 na bado anaendelea.

Basi kabla ya kuandika, katibu ajiulize swali moja: Ninaeleza hali ilivyo, au ninaeleza kuvuka? Ikiwa ni kuvuka, "been" haifai. Na ukitaka kueleza muda mtu aliokaa kazini, hapo "been" ndiyo yenyewe, lakini taja muda huo kwa "since" au "for". "Since" huenda na siku jambo lilipoanza, kama "since 2021". "For" huenda na urefu wa muda, kama "for five years".

2. UMBO LA NENO HUBADILIKA NA WAKATI

Watu wengi wanajua "come, came, come", yaani kuja. "Become" hufuata njia hiyo hiyo: "become, became, become". Mkikariri moja, mmekariri zote mbili. Ona namna linavyotumika:

"Becomes" ni kwa jambo la kawaida, kama vile sisi tunavyotumia "huwa". Mfano: "The road becomes muddy in April." Barabara huwa na matope mwezi wa Aprili. Kwa wengi hatuweki "s": "Roads become muddy."

"Became" ni kwa jambo lililokwisha kufanyika wakati unaojulikana. Mfano: "She became our treasurer on 2 March 2024." Alikuwa mweka hazina wetu kuanzia tarehe 2 Machi 2024.

"Has become" au "have become" ni kwa mabadiliko yaliyokwisha kutokea, na tunayaona matokeo yake sasa. Tarehe haitajwi. Mfano: "Four young men have become members." Vijana wanne wameingia uanachama.

"Will become" ni kwa mabadiliko yajayo. Mfano: "She will become our treasurer next month." Atakuwa mweka hazina wetu mwezi ujao.

"Is becoming" ni kwa mabadiliko yanayoendelea pole pole. Mfano: "Firewood is becoming scarce." Kuni zinaendelea kuwa haba.

Angalieni sana jambo la tarehe. Ukitaja siku au mwaka mabadiliko yalipotokea, tumia "became". Msiandike "She has become our treasurer on 2 March." Chagueni moja: ama "became" pamoja na tarehe, ama "has become" bila tarehe. Katika barua ya benki au ya ofisi ya serikali, sisi tunawashauri mtumie "became" na kutaja tarehe ya mkutano. Msomaji ataweza kulinganisha barua yenu na kumbukumbu zenu mara moja.

Barua ya wale akina mama ingekuwa hivi:

"Our former treasurer has moved to another town. At our meeting on 2 March 2024 we elected a new one. The new treasurer became a signatory of our group on that day. A copy of the minutes is attached."

Maana yake: Mweka hazina wetu wa zamani amehamia mji mwingine. Katika mkutano wetu wa tarehe 2 Machi 2024 tulimchagua mwingine. Mweka hazina mpya alikuwa mtia sahihi wa kikundi kuanzia siku hiyo. Nakala ya kumbukumbu imeambatanishwa.

Ni sentensi nne fupi. Nani ametoka, nani ameingia, lini, na ushahidi uko wapi. Bila shaka jina la kila mmoja liandikwe kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho.

3. MAKOSA TUNAYOYAONA MARA KWA MARA

Tumesoma barua nyingi za vikundi, hata zetu wenyewe za zamani, na makosa ni yale yale. Msione haya. Tusahihishane.

Kosa la kwanza: "We have became a big group." Baada ya "has" na "have", rudisheni "become". Sema: "We have become a big group."

Kosa la pili: "She did not became a member." Baada ya "did" neno halibadiliki, maanake "did" imekwisha kuonyesha wakati uliopita. Sema: "She did not become a member." Na "will" ni vivyo hivyo: "will become", si "will became".

Kosa la tatu: "She became member." Sisi hatuna neno kama "a", kwa hiyo tunalisahau. Kwa mtu mmoja au kitu kimoja kati ya vingi, weka "a": "She became a member." Kwa wengi, usiweke: "They became members." Kwa cheo ambacho ni cha mtu mmoja tu katika kikundi, inaruhusiwa kukiacha: "She became treasurer."

Kosa la nne: "I have become tired." Hili latoka moja kwa moja kwa "nimechoka". Sisi tukisema nimechoka, nimeshiba, amelala, mara nyingi tunaeleza hali ya sasa hivi. Mwingereza hapo hutumia "be": "I am tired", "I am full", "He is asleep". Kwa hiyo si kila "-me-" yetu ni "have become".

Kosa la tano ni kubwa kidogo: "We became the old store into a classroom." Hapa tukumbuke "kugeuka" na "kugeuza". Stoo yenyewe imegeuka: hiyo ni "become". Watu wameigeuza stoo: hiyo si "become" hata kidogo. "Become" haina mtendaji anayekibadilisha kitu kingine. Sema: "The old store became a classroom", au kama mnataka ijulikane ni nyinyi mliofanya kazi, sema: "We turned the old store into a classroom."

Hilo la mwisho lina maana katika ripoti. Mfadhili au ofisa akisoma "the store became a classroom", hajui ni nani aliyebeba mawe na kupiga lipu. Akisoma "we turned", anajua ni nyinyi. Msifiche jasho lenu nyuma ya "became".

4. "BECOMES" KATIKA MKATABA

Sasa tufike mahali ambapo neno hili linaweza kugharimu zaidi ya wiki tatu. Vikundi vingi hununua tangi la maji, ng'ombe au mashine ya kusaga kwa malipo ya pole pole. Mkataba unaletwa kwa Kiingereza, mnaambiwa tieni sahihi hapa na hapa. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, tafuteni neno "become" na mlizungushie duara kila mnapoliona. Mara nyingi mabadiliko ya mali na ya deni hujificha hapo.

Tuchukue mifano miwili ambayo tumeitunga wenyewe, lakini ni ya aina mtakayokutana nayo.

Mfano A: "The tank becomes the property of the Group on payment of the last instalment."

Maana yake: Tangi litakuwa mali ya kikundi siku malipo ya mwisho yatakapolipwa. Je, leo tangi ni la nani? Bado si lenu, ingawa limesimama kwenye boma la mwenyekiti na mnateka maji kila asubuhi. Kwa hiyo msiliuze wala msiliweke dhamana kwa mtu mwingine kabla ya siku hiyo.

Mfano B: "If one instalment is not paid by the date above, the whole balance becomes payable at once."

Maana yake: Mkikosa kulipa awamu moja tu kufikia tarehe iliyotajwa juu, basi salio lote litadaiwa papo hapo. Hamtadaiwa awamu ile moja peke yake. Kikundi kilichokuwa kinatafuta shilingi 3,000 kwa mwezi kinaweza kuamka asubuhi kikidaiwa shilingi 30,000.

Angalieni kwamba katika mikataba "becomes" huandikwa kama jambo la sasa, lakini si la sasa. Ni la siku sharti litakapotimia. "Shall become" nayo katika mkataba kwa kawaida hueleweka hivyo hivyo: jambo litakuwa, halina hiari. "May become" ni nyepesi zaidi, yaani huenda likawa.

Kila mnapozungushia duara, jiulizeni maswali matatu:

Ni kitu gani kinachobadilika? Ni mali, ni deni, au ni mtu?

Kinakuwa nini, na cha nani?

Kinabadilika lini, na kwa sharti gani?

Mkikosa jibu la hata swali moja, msitie sahihi siku hiyo. Mwombeni mwenye mkataba aeleze. Peaneni nakala, mtafuteni mwalimu, ofisa wa maendeleo ya jamii, au mwanasheria kama mnaweza kumpata. Kuuliza si ujinga. Mwenye bidhaa nzuri hatakataa kungoja mkutano wenu ujao.

5. ZOEZI LA KIKUNDI

Katibu asome kila sentensi kwa sauti na kuacha nafasi. Wanachama wajibu wawili wawili, anayejua kidogo akae na anayejua zaidi. Chagueni kati ya maneno haya: is, has been, have become, became, becomes, will become, turned.

(a) In 2022 our group ...... a registered group.

(b) Our secretary ...... sick today.

(c) The path ...... very muddy every April.

(d) She ...... our chairlady since 2021.

(e) After the last payment, the posho mill ...... ours.

(f) Three women ...... members. Their names are below.

(g) We ...... the bare plot into a tree nursery.

Msichungulie majibu kabla ya kujadiliana!

MAJIBU

(a) became. Mwaka umetajwa, na jambo limekwisha.

(b) is. Ni hali ya leo tu, kama "nimechoka".

(c) becomes. Hutokea kila mwaka.

(d) has been. "Since" yatuonyesha muda, naye bado anaendelea. Hii ndiyo sentensi inayostahili "been".

(e) will become. Mabadiliko bado hayajafika. Kabla ya malipo hayo mashine si yenu.

(f) have become. Wameingia, na tarehe haikutajwa.

(g) turned. Mmegeuza, hamkugeuka!

Mkipata matano au zaidi, mmefanya vizuri. Mkipata chini ya hapo, rudieni sehemu ya kwanza na ya pili wiki ijayo, halafu mjaribu tena kwa sentensi zenu wenyewe. Kila mwanachama atunge moja inayohusu kikundi chenu: nani alikuwa nani, mwaka gani, na sasa je.

6. NENO LA MWISHO

Tusimalize bila kuwakumbusha jambo hili. Kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza zote mbili ni lugha rasmi. Kwa hiyo msidhani kwamba ni lazima kikundi kiandike kumbukumbu zake kwa Kiingereza. Andikeni kwa lugha ambayo wanachama wote wanaielewa, ndipo kila mmoja aweze kusema, "La, hivyo sivyo tulivyokubaliana." Lakini fomu nyingi za benki na mikataba mingi bado huja kwa Kiingereza, na ndiyo maana tunajifunza.

Msimwachie katibu mzigo huu peke yake. Barua ya kikundi isomwe mbele ya watu wawili au watatu kabla ya kutumwa, na kila sentensi irudishwe kwa Kiswahili kwa sauti. Kama akina mama wale wangefanya hivyo, mmoja wao angeuliza, "Kwani huyu amekuwa mweka hazina tangu lini? Si tulimchagua juzi?" Swali hilo moja lingewaokolea wiki tatu.

Mwaka uliofuata tuliwatembelea. Barua zao sasa husomwa na kamati nzima, na yule katibu bado ni katibu. Alituonyesha daftari lake. Kwenye ukurasa wa kwanza ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hali au kuvuka?"

Nasi twawaachia swali hilo hilo. Liandikeni kwenye daftari la kikundi chenu, na mkutano ujao mlifanye zoezi hili pamoja. Kwaherini.